Baba Anasimama Mlangoni Wala Haingii

Barua

Mwalimu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninakuandikia kutoka Walukuba, Jinja, ambako nilizaliwa na kukulia katika Kiswahili cha watu wa viwandani, ingawa kwa asili sisi ni Wasoga wa Kamuli. Baba yangu alifariki mwezi wa Machi mwaka huu akiwa na umri wa miaka 71, baada ya kiharusi kilichomlaza kwa siku tatu tu. Tangu hapo nyumba yetu imegawanyika, nami sijui nisimame upande gani.

Baba alifunga ndoa na mama kanisani, wakajaliwa watoto wanne, na mimi ndiye wa kwanza. Baadaye alioa mke mwingine wa kimila huko Iganga, akazaa naye watoto watatu, na kuanzia wakati huo hakupokea tena Komunyo kwa muda wa miaka 16. Hata hivyo hakuacha kuja kanisani. Alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, rozari mkononi, na watu walipopanga mstari kwenda kupokea yeye alibaki amepiga magoti. Mimi sikumsamehe kwa yale aliyomtendea mama. Miaka yake miwili ya mwisho sikusema naye hata neno. Krismasi iliyopita alinitumia ujumbe kupitia kwa dada yangu, akiniomba niende nyumbani Kamuli, nami nikajibu kwamba kazini hawanipi ruhusa. Haikuwa kweli. Niliporudi kumwona ilikuwa Machi, hospitalini, ulimi wake umekwisha kufungwa. Alinitazama, akainua mkono wa kushoto, ukaanguka. Padre hakuwahi kufika, na mazishi yaliongozwa na katekista wa kigango bila Misa, kwa kuwa siku ile padre alikuwa mbali.

Kuanzia mwezi wa Mei ninaota ndoto moja inayojirudia. Baba amesimama kwenye mlango wa chumba changu, kofia mkononi. Haingii wala hasemi.

Baba mkubwa aliposikia habari ya ndoto hiyo alisema kwamba marehemu ana hasira, na kwamba kabla ya olumbe ya mwezi wa Desemba, siku ya kumsimika mrithi, ni lazima tupeleke mbuzi kwa mganga atakayeita roho yake ili aseme anachotaka. Mdogo wangu wa kiume, ambaye ni mlokole, anasema hayo ni ya shetani, lakini anaongeza kwamba sala zetu kwa marehemu nazo ni bure, kwa sababu mtu akifa huja hukumu na mambo yameisha, na kwamba kumwomba mtakatifu hakuna tofauti na kuita mizimu. Mama hasemi. Kila mwezi anauza mihogo na ndizi zake, anapeleka fedha kwa karani wa parokia ili baba asomewe Misa. Juma lililopita mdogo wangu alimwambia mama mbele yetu sote kwamba anapoteza fedha, maana baba yuko motoni. Mama aliinuka akaenda kulala bila kula.

Ninaomba unijibu. Baba yuko wapi? Je, naruhusiwa kusema naye? Kuna tofauti gani kati ya kumwomba Mtakatifu Kizito, shahidi wetu wa Uganda, na kufanya anachotaka baba mkubwa? Olumbe tuifanye au tuiache? Na je, bado naweza kumwomba baba msamaha, au nimechelewa?

Mzaliwa wa kwanza,
Walukuba, Jinja

Jibu

Milele na milele, Amina.

Mwanangu, pole kwa msiba, na pole zaidi kwa miezi hii uliyoibeba peke yako. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimeona kwamba maswali yako yote yanachimbuka katika lile uliloliweka mwisho. Kwa hiyo nitaanza nalo. Hujachelewa.

Neno hilo nisingethubutu kuliandika kama lingekuwa faraja yangu tu ya kukunyamazisha usilie. Ni imani ya Kanisa, na baba yako aliyeshika rozari kwenye benchi la mwisho aliikiri kila alipoianza rozari hiyo, kwa sababu Kanuni ya Imani ya Mitume inasema tunasadiki ushirika wa Watakatifu. Wengi wetu tunayapita maneno hayo mbio, tukidhani yanawahusu tu wale waliowekwa kwenye sanamu na madirisha ya kanisa. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1964, ulifundisha kwamba wanafunzi wa Kristo wako katika hali tatu: wengine bado ni wasafiri hapa duniani, wengine wamefariki na wanatakaswa, na wengine wako katika utukufu wakimwona Mungu. Wote hao ni Kanisa moja. Hati hiyo inasema wazi kwamba umoja wa sisi wasafiri na ndugu zetu waliolala katika amani ya Kristo haukatiki hata kidogo, bali unaimarishwa kwa kushirikishana mema ya kiroho.

Angalia vizuri umoja huo unatoka wapi, maana hapo ndipo mdogo wako na baba mkubwa wako wanapopotezana. Hautoki katika damu ya ukoo, wala katika nguvu ambayo marehemu ameipata kwa kufa. Unatoka kwa Kristo, ambaye kwa Ubatizo alituunganisha katika mwili wake mmoja. Kifo kinamtoa mtu nyumbani, kazini na mezani. Katika mwili wa Kristo hakina uwezo wa kumtoa yeyote aliyekufa akiwa rafiki yake. Ndiyo maana wewe unaweza kumtendea baba yako jema leo, na jema hilo likamfika: si kwa sababu wewe una njia ya kwenda kwake, bali kwa sababu wote wawili mko ndani ya Yule ambaye hakuna mauti inayomshinda.

Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake juu ya tumaini la Kikristo wa mwaka 2007, aliligusa swali lako karibu kama vile amelisikia. Alieleza kwamba maisha yetu yamesukwa pamoja, kiasi kwamba wema na ubaya wa mmoja huingia katika maisha ya mwingine, na kwamba sala yangu kwa ajili ya mtu aliyefariki si kitu cha nje kinachomgusa kwa juujuu, bali inaweza kuwa na sehemu katika kutakaswa kwake. Kisha akasema kwamba hatuna haja ya kuigeuza saa ya dunia kuwa saa ya Mungu, kwa maana katika ushirika wa roho hesabu yetu ya muda inapitwa, na kuugusa moyo wa mwingine hakuchelewi kamwe wala si bure. Basi msamaha uliokuwa umwombe baba Desemba iliyopita unaweza kumwomba sasa. Nenda kwanza kwenye Kitubio, utaje uongo ule na miaka miwili ile ya kunyamaza, kwa sababu Mungu ndiye anayeondoa dhambi. Halafu nenda kaburini, useme kwa sauti, kwa Kisoga chenu kama ndicho mlichozoea: baba, nilikudanganya, nisamehe, nami nimekusamehe. Usiogope kwamba unatenda la kipagani. Unasema mbele ya Mungu, na Mungu anajua namna ya kumfikishia mtoto wake neno la mtoto wake.

Swali la kama unaruhusiwa kusema naye nimelijibu humo, lakini ninataka kukaa juu yake kidogo, kwa kuwa katika nchi yetu mkanganyiko wa jambo hili umewatesa watu wengi wema. Kumwambia marehemu neno la upendo, au hata kumwomba akuombee kwa Mungu, ni jambo moja. Kumwita aje, ajibu, atoe siri, aseme ni nani aliyemloga na mbuzi wa rangi gani anamtaka, ni jambo lingine kabisa. Katika lile la kwanza wewe unatoa. Unampa sala, sadaka, msamaha, na unamwacha mikononi mwa Mungu. Katika lile la pili unataka kupata; unataka habari na nguvu kwa njia iliyo nje ya Mungu, na tena unamfanya marehemu awe mtumwa wa mganga. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, kinakataza kuomba kwa wafu pamoja na uganga na kupiga ramli, na Katekisimu ya mwaka 1992 inarudia katazo hilo bila kulilegeza. Mfalme Sauli alikwenda Endori usiku kwa mwanamke aliyeita wafu, amejigeuza nguo, kwa sababu Bwana alikuwa hamjibu. Alitoka huko akiwa na hofu kubwa kuliko aliyoingia nayo. Mwenye kurudi kutoka kwa mganga akiwa na amani ya kweli sijamwona bado, na nimewafundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kwa Ubatizo, kwa miaka mingi.

Kwa heshima zote, mkumbushe baba mkubwa habari za Msoga mwenzenu. Matia Mulumba alizaliwa Busoga, akatekwa akiwa mtoto na kupelekwa Buganda, akalelewa katika ukoo wa huko, akabatizwa, na mwishoni mwa mwezi wa Mei mwaka 1886 akauawa kwa mateso makali pale Kampala ya zamani wakati wa utawala wa Kabaka (mfalme) Mwanga, siku chache kabla Karoli Lwanga na wenzake hawajachomwa Namugongo tarehe 3 Juni. Mwaka 1964, tarehe 18 Oktoba, Papa Paulo wa 6 aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu. Watu wanapotembea kwa siku nyingi kutoka Busoga, Tororo, Gulu na hata nje ya Uganda hadi Namugongo, hakuna anayekwenda kuwaita Matia na Kizito watoke makaburini wampe siri. Wanakwenda kuwaomba ndugu zao wakubwa wawaombee kwa Mungu yule yule ambaye hao walimfia. Tena jambo moja linanigusa kila mwaka: hatuwatulizi mashahidi wale ili wasitudhuru. Hatuwaogopi. Mtu aliye na Kristo hana haja ya kuwatisha wanawe kwa ajili ya mbuzi, na kama baba mkubwa anampenda kwa kweli mdogo wake, kama ninavyoamini kuwa anampenda, naye atasikia kwamba si haki kumsingizia hasira mtu aliyekuwa akipiga magoti kimya kwa miaka 16.

Sasa mdogo wako. Usimfanye adui, anashika jambo la kweli, ila analishika kwa kulikata nusu. Anasema kwa mujibu wa Waraka kwa Waebrania, sura ya 9, kwamba mtu hufa mara moja na baada ya hapo hukumu. Nasi tunasema hivyo hivyo. Kanisa linafundisha kwamba kila mtu anapokufa anahukumiwa mara, na sala zetu hazibatilishi hukumu hiyo wala hazimtoi mtu motoni. Toharani si nafasi ya pili kwa aliyemkataa Mungu. Wanaotakaswa humo ni wale waliokufa katika neema na urafiki wa Mungu, wenye hakika ya wokovu wao, lakini bado wana mabaki ya kusafishwa kabla ya kuingia katika furaha ya mbinguni. Mitaguso ya Firenze, mwaka 1439, na Trento, mwaka 1563, ilitamka kwamba toharani ipo na kwamba roho zilizomo husaidiwa na sala za waamini, hasa na Sadaka ya altare. Trento ukaagiza pia kwamba watu wasilishwe hadithi za kutisha wala mambo yanayonuka tamaa ya fedha. Akikutajia shimo kubwa la sura ya 16 ya Luka, mwombe asome tena: shimo lile liko kati ya tajiri aliyepotea na kifua cha Ibrahimu, haliko kati yetu na waliokufa katika Bwana.

Na akikwambia kwamba mpatanishi ni mmoja tu, Kristo Yesu, mwambie amina, kisha mwonyeshe kwamba sura hiyo hiyo ya 2 ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo inaanza kwa kuagiza maombi kwa ajili ya watu wote. Yeye mwenyewe akiugua huwaomba wenzake wa kanisani wamwombee, wala haoni kwamba amemnyang'anya Kristo nafasi yake. Je, mwenzake huyo akifa na kwenda kwa Bwana, ataacha kumpenda? Paulo anasema katika Waraka kwa Warumi, sura ya 8, kwamba wala mauti haitaweza kututenga na upendo wa Mungu ulio katika Kristo, na Kitabu cha Ufunuo, sura ya 5, kinawaonyesha wazee wa mbinguni wakishika vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Hayo yote yamo katika Biblia yake.

Lakini liko neno moja alilolitamka ambalo unapaswa kumkataza, kwa upole na bila kupepesa macho. Hana ruhusa kusema kwamba baba yuko motoni. Kanisa limewatangaza watu wengi kuwa wako mbinguni. Juu ya mtu yeyote kwa jina halijatangaza kamwe kwamba yuko motoni. Hukuniambia uongo kuhusu maisha ya baba yako, nami sitayafunika: ndoa ile ya pili ilikuwa kosa zito, na mama yako aliumizwa. Ila mimi na wewe hatujui kilichopita kati yake na Mungu katika siku zile tatu ambazo ulimi ulikuwa umefungwa na moyo haujafungwa. Mafundisho yetu yanasema kwamba majuto yanayotokana na kumpenda Mungu kuliko vyote, yaani majuto kamili, hupata ondoleo hata la dhambi za mauti, mtu akiwa na nia thabiti ya kuungama mara atakapoweza. Padre hakufika. Kristo hahitaji gari. Mkono ule aliouinua unaweza kuwa ulikuwa mwanzo wa ishara ya msalaba, unaweza kuwa ulikuwa wa kukusamehe, unaweza kuwa vyote viwili au mkono wa mgonjwa tu. Sitakupa maana ambayo sina. Ninachokwambia ni kwamba miaka 16 ya kupiga magoti bila kupokea si maisha ya mtu aliyemdharau Mungu. Na kuhusu kuzikwa bila Misa, usisumbuke. Misa ya marehemu inaweza kusomwa hata baada ya mazishi, na mama yako ameshaomba nyingi.

Nikimfikiria mama yako ninakumbuka sura ya 12 ya Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, ambacho Biblia ya mdogo wako haina. Baada ya vita, Yuda Makabayo alikwenda kuwazika askari wake, akakuta chini ya nguo za kila mmoja wa wale waliouawa hirizi za miungu ya Yamnia, ambazo Sheria iliwakataza Wayahudi. Walikufa na kosa lao shingoni. Yuda hakusema kwamba yameisha. Aliwasimamisha watu wake wasali ili dhambi ile ifutwe, akachanga drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu zitolewe sadaka kwa ajili ya dhambi, kwa sababu alikuwa akiufikiria ufufuko. Mimi humpenda Yuda kwa tendo hilo kuliko kwa ushindi wake wote.

Tena yupo Mwafrika mwingine aliye karibu zaidi na habari yenu. Mtakatifu Monika, mzaliwa wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa na mume, Patrisio, ambaye hakuwa mwaminifu kwake, na aliyebatizwa karibu na mwisho wa maisha yake. Monika alipolala mgonjwa Ostia, mwaka 387, mwanawe mmoja alisikitika kwamba angefia mbali na nchi yake. Yeye akawajibu kwamba mwili wake wauzike popote bila kujisumbua, ila wamkumbuke kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Mwanawe Agostino, alipoandika habari hiyo miaka kadhaa baadaye, aliwaomba wote watakaosoma wamkumbuke altareni Monika pamoja na Patrisio mumewe. Hakumwacha baba nje. Mama yako anapouza mihogo na kwenda kwa karani anafanya kile kile ambacho Wakristo wa Afrika walikifanya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Mdogo wako anaweza kusema ananunua Misa. Misa hainunuliki kwa fedha yoyote ya dunia. Anachotoa mama ni sadaka ya kujiunga na Sadaka, na Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadre kusoma Misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata wasipotoa kitu. Mweleze mama hilo, ili mwezi ambao mihogo haikuuzika asidhani kwamba baba amekosa.

Ndoto ile usiiogope, wala usiijengee nyumba. Siwezi kukwambia kwamba Mungu hawezi kumruhusu marehemu atukumbushe sala, wala siwezi kukwambia kwamba ni baba yako. Moyo uliomfungia mtu mlango kwa miaka miwili unaweza wenyewe kumweka mlangoni usiku. Kwa vyovyote vile jibu ni moja: ukiamka, fanya ishara ya msalaba, sema, "Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani," ulale. Katekisimu inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kuwaombea marehemu si tu kunawasaidia wao, bali kunayafanya pia maombezi yao kwa ajili yetu yawe na nguvu. Kwa hiyo usidhani kwamba katika jambo hili wewe ndiwe unayetoa tu.

Olumbe ifanyeni. Kumtambulisha mrithi mbele ya ukoo, kutaja madeni ya marehemu na kuyalipa, kuhakikisha kwamba mjane hanyang'anywi shamba, kula pamoja na kulia pamoja kwa mara ya mwisho, hayo ni mema, na Kanisa la Uganda limezoea kuyatanguliza kwa Misa. Mwoneni padre mapema, mkubaliane naye saa. Yatakayoachwa ni mbuzi wa mganga, damu ya kumwagiwa mizimu, na desturi yoyote inayomdhalilisha mjane. Baba mkubwa apewe heshima yake ya kuzungumza kwa niaba ya ukoo; asiposhindwa mbele ya watu itakuwa rahisi zaidi kwake kuliacha lile alilolipanga.

Lakini kabla ya Desemba uko Novemba, mwezi wa marehemu. Tangu Abate Odilo wa Cluny alipoweka siku ya kuwaombea marehemu wote katika monasteri zake, karibu na mwaka 998, tarehe 2 Novemba imekuwa siku yao, na mwaka 1915, vita vikuu vikiwa vinaua vijana kwa maelfu, Papa Benedikto wa 15 aliwaruhusu mapadre wote kusoma Misa tatu siku hiyo. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 ya mwezi huo, mwamini anayetembelea makaburi na kuwaombea waliofariki anaweza kila siku kupata rehema kamili, yaani ondoleo la adhabu zote zinazosalia baada ya dhambi kusamehewa, kwa ajili ya roho za toharani, akitimiza masharti: Kitubio, Komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Nenda Kamuli siku hizo pamoja na mama. Chukueni jembe, mpalilie kaburi, msali rozari yote, na kama mmeiweka ile ya baba, muitumie hiyo.

Limebaki moja ambalo hukuniuliza. Katika barua yako umewataja mara moja tu watoto watatu wa Iganga, na sikuona mahali ambapo mtu yeyote kati yenu amepanga kuwaalika. Kosa la ndoa ile halikuwa lao. Baba aliyefariki ni baba yao pia, na wakiwa wamebatizwa wako pamoja nawe katika ushirika huo huo unaotamani umfikie yeye. Sisemi kwamba mama alazimishwe kumpokea mama yao. Hilo liachwe kwake na kwa Mungu, kwa wakati wake. Lakini watoto waje kaburini, na majina yao yasomwe kwenye olumbe pamoja na yenu. Mpigie simu yule mkubwa wao wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Usimtume dada yako.